Mfumo bure, mfumo huru au mfumo huria?

Msomaji mwenye duka la kompyuta Langoni, Lamu, ameniandikia hivi: "Mwalimu, nauza kompyuta nilizozitia Linux, programu kuu ya kuziendesha. Mlangoni nimeandika KOMPYUTA ZENYE MFUMO BURE. Wapita njia wananiuliza kama kompyuta nazitoa sadaka, na mzee mmoja kaniambia kitu bure hakimfai. Rafiki yangu anataka niandike 'mfumo huru'. Mwanangu anasema ni 'huria'. Lipi sahihi?"

Mzee huyo, ndugu yangu, amekisoma kibao chako sawasawa. Pana kineno kimekosekana hapo, nacho ni "wa". Tukisema "maji ya bure" tunataja bei: hulipi. Tukisema "mtu bure" au "maneno bure" tunataja thamani: hana maana, hayana faida. Basi "mfumo wa bure" ni usiolipiwa, na "mfumo bure" ni mfumo ovyo. Umeiacha "wa" pengine kwa kubana nafasi, kumbe umeichongea bidhaa yako mwenyewe. Na hata ukiirudisha, neno "bure" limezoea kufuatana na "bilashi" na "bwerere". Mnunuzi atajiuliza kitu hicho kina kasoro gani hata hakiuzwi.

"Huru" ni neno zito, hasa pwani hii yetu ambako utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1907. Aliyeachwa huru ni yule asiye tena na bwana wa kummiliki. Ukiandika "mfumo huru", anayesoma ataelewa kwamba hauna mwenyewe, na hilo si kweli. Linux ina wenyewe. Linus Torvalds wa Ufini aliianza mwaka 1991, maelfu ya watu wakaiongezea, na hakimiliki ya kazi yao ipo hadi leo. Walichofanya ni kutoa ruhusa, kwa leseni iitwayo GPL (General Public License), iliyotumika tangu 1992: itumie upendavyo, ichungulie ndani, ibadilishe, umpe na mwenzio.

Neno la ruhusa ya namna hiyo tunalo, na mwanao amelipata: huria. Shina lake la Kiarabu ni moja na la "huru", ila matumizi yamelipeleka kwingine. Soko huria lina wafanyabiashara na lina sheria, lakini yeyote ana njia ya kuingia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992, kina malango mapana, na wanafunzi wake hulipa ada. Huria haitaji bei hata kidogo. Ndiyo maana nalipenda hapa: andika "programu huria", halafu habari ya pesa uiseme kando, kwa maneno yake.

Utakutana pia na "chanzo wazi" na "chanzo huria"; chanzo ni maandishi ya mtunzi ambayo programu imeundwa kwayo. Yote mawili yanafaa, lakini kwa mteja wa dukani "chanzo" peke yake hakimwambii kitu. Mpe mfano wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi hapa Lamu: chombo kinaundwa ufukweni, mataruma, yaani mbavu zake, yako wazi, fundi mwingine anapita, anatazama yalivyokatwa, anaenda kuunda chake. Programu nyingine nyingi huuziwa watu zikiwa zimeshafunikwa, wala huruhusiwi kubandua ubao.

Mengine ni madogo. "Mfumo endeshi" na "mfumo wa uendeshaji" ni mamoja. Vitabu vya shule vina "tarakilishi", lakini mteja anaomba kompyuta, nawe mwandikie kompyuta. "Kusakinisha" ni neno zuri, limetoka kwa "sakini", yaani kukaa mahali. Mfumo uliosakinishwa umeshahamia kabla mnunuzi hajafika. Kibaoni, hata hivyo, "imo ndani" inatosha.

Mimi ningeandika: KOMPYUTA, LINUX IMO NDANI. NI PROGRAMU HURIA: HULIPII LESENI, NA RUHUSA KUMNAKILIA MWENZIO.

Kama unayotia ni Ubuntu, aina mojawapo ya Linux iliyotoka mara ya kwanza 2004, waeleze na jina lake. Kwa Kizulu na Kixhosa "ubuntu" ni utu. "-Ntu" yao ndiyo "-tu" yetu. Na atakayeuliza mbona basi unamtoza, mjibu kwamba analipia mashine na kazi ya mikono yako, na kwamba leseni hiyohiyo inakuruhusu kuuza.