Usikivu wa mtu mzima mwenye usonji

Ndugu, umeuliza kwa nini kaka yako mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo), mtu mzima wa miaka 30, huziba masikio akifika stendi ya teksi Kampala, ilhali kipimo cha usikivu kilionyesha hana kasoro. Kipimo hicho hutafuta sauti ndogo kabisa ambayo sikio linaweza kuinasa mahali palipo kimya; hakipimi namna ubongo unavyochuja sauti nyingi zinazokuja kwa pamoja. Kwako wewe, baada ya dakika chache, honi za bodaboda na makelele ya wapiga debe hugeuka kuwa mvumo wa mbali, lakini kwa watu wengi wenye usonji mazoea hayo huchelewa au hayaji kabisa, hivyo kila sauti hubaki mbele ikidai kusikilizwa, pamoja na jua kali na harufu ya moshi. Hilo si deko: tangu mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa utambuzi, DSM-5, umeutaja wepesi wa hisi kupita kiasi, na hata hisi kuwa nzito kuliko kawaida, miongoni mwa dalili za usonji. Mnunulie vizibo vya masikio, na ikiwezekana msafiri kabla ya msongamano wa asubuhi.