Nyundo Isiyo na Mkia: Majibu kwa Wasomaji

Nimeona picha ya rivolva ya Kiingereza ya wakati wa vita. Nyundo haina ule mkia wa kuvutia kwa dole gumba. Imevunjika?

Haijavunjika, ndugu yangu. Yaelekea ni Enfield No. 2 Mk I* (“Mk” ni alama ya toleo, na nyota ni ya marekebisho), ya mwaka 1938. Toleo la 1932 lilikuwa na mkia, lakini askari wa vifaru wakalalamika kwamba unanasa wanapopenya kwenye vile vilango vyembamba. Ukaondolewa. Hata nyingi za zamani, zilipopelekwa matengenezo, zilirudi bila mkia.

Sasa unaikokije?

Huikoki. Rivolva ya kawaida ya aina hii ina njia mbili: kukoki, yaani kuvuta nyundo nyuma kwa kidole hadi ikae, kisha kugusa kifyatuo, au kuvuta kifyatuo tu, nacho kizungushe silinda (pipa dogo la risasi), kiinue nyundo na kuiachia. Mk I* ilibaki na njia ya pili. Mvuto wake ni mrefu, na mkono usiozoea hutikisa mtutu.

Nyundo ikipunguzwa uzito haitagonga kwa udhaifu?

Nguvu hutoka kwenye springi. Nyundo nyepesi huenda kasi zaidi. Risasi zikikataa kulipuka, chunguza kwanza kama springi imelegezwa mno.

Ninamiliki rivolva kihalali. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani ana grenda. Anikatie mkia?

Usimpe, nakusihi. Joto la grenda hulainisha chuma kilichokazwa. Tena kuna hatari wengi hawaioni: mkia ukikatwa huku pengo la kukokia, lile linaloishikilia nyundo juu ikikokiwa, likiachwa ndani, siku nyundo ikikaa juu na risasi imo, utaishusha kwa kushika wapi?

Vipande vya ndani si vya kuchezea. Mwaka 1942, ili kuharakisha utengenezaji, Waingereza walitoa Mk I** isiyo na kizuizi cha nyundo, kile kipande kinachoizuia nyundo isigonge risasi mpaka kifyatuo kivutwe. Bastola ikidondoka, ingeweza kufyatuka yenyewe. Baada ya vita nyingi zilirudishiwa kizuizi hicho. Ikiwa kiwanda cha silaha kiliteleza hapo, grenda ya mtaani itafanyaje? Kazi hii mwachie fundi wa silaha mwenye leseni, naye aliondoe na lile pengo.

Shida yangu ni kunasa nguoni tu.

Basi usikate kitu. Smith & Wesson walianza kuuza rivolva yenye nyundo iliyofichwa ndani mwaka 1887, na za namna hiyo bado zinatengenezwa.