Pesa Ilikuwepo, Pochi Ndiyo Haikuiona

Nauza vikoi na vikapu kwa wateja wa Ujerumani na Uholanzi, na tangu nianze kupokea bitcoin, wafanyabiashara wenzangu huniuliza swali lile lile: nijisajili kwa kampuni inipokelee, ama niweke seva yangu, yaani kompyuta ya mtandaoni inayopokea malipo?

Mimi nilianza na kampuni. Wakataka kitambulisho na cheti cha biashara, wakakata asilimia 1 ya kila malipo. Sikuona ubaya. Kisha siku moja ikaja barua pepe: akaunti yako inachunguzwa. Mauzo ya wiki tatu yakalala huko siku 19, na fundi wangu wa kushona akinipigia kila jioni. Hawakunidhulumu hata senti, lakini ndipo nilipojua kwamba pesa niliyokuwa nikiita yangu ilikuwa ingali mikononi mwao.

Nikahamia BTCPay Server, programu huria ya bure aliyoianzisha Nicolas Dorier mwaka 2017. Unakodi seva, unaipa ufunguo wa umma wa pochi yako (programu ya kutunzia bitcoin), ule wa kutengeneza anwani za kupokelea malipo tu, na malipo yanakuja kwako moja kwa moja. Maneno ya siri yanayofungua pesa yanabaki kwenye karatasi nyumbani, seva haiyajui. Usijisahau lakini: mdukuzi akiingia anaweza kuweka ufunguo wake badala ya wako, wateja wakamlipa yeye huku wewe unafunga mizigo.

Kilichonitoa jasho kilikuwa kitu kidogo kuliko mdukuzi. Kila ankara hupewa anwani mpya, hata ya mteja aliyeangalia bei akaenda zake. Pochi nyingi zikikuta anwani 20 mfululizo hazijapokea kitu, huacha kutafuta mbele, na malipo yaliyoingia anwani za mbele hayaonekani. Mteja kalipia vikoi 40, seva yasema kalipa, pochi ya simu yasema sifuri! Chai ilipoa mbele yangu. Saa nane za usiku nikapata kwenye mipangilio ya pochi pa kubadilisha ile 20 kuwa 200, pesa ikajitokeza.

Kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu ya makato, jiulize ni nani kwako atakayeamka saa nane. Kama hayupo, baki na kampuni, ila soma kwenye masharti yao kifungu cha kuzuia pesa na uhamishe salio kila wiki. Tena kampuni nyingi hukubadilishia bitcoin kuwa dola au yuro papo hapo. Seva yako itakuachia bitcoin, bei ikishuka ni juu yako, na fundi halipwi kwa bitcoin.

Lightning, mtandao wa malipo madogo ya haraka ya bitcoin, iache kwanza. Hiyo huwezi kuirudisha kwa nakala ya zamani ukadhani umepona. Salio la kwenye chaneli, ile njia ya malipo kati yako na mwenzako, laweza kupotea lote.

Mimi nimebaki na seva. Oda ikizidi dola 500, hufungua pochi kwanza nione pesa kwa macho yangu, ndipo nimwite wa bodaboda aje kuchukua mzigo.