Ukifika Chumbe, panda mnara kwanza

Wageni wengi wakishuka botini kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, hukimbilia majini. Ushauri wangu ni upande mnara kwanza. Mnara huu wa taa ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, na una ngazi 131. Lifti hakuna, na ukifika nusu magoti yatakutajia umri wako. Pumzika, endelea.

Kule juu unakiona kisiwa kizima, maana urefu wake ni kama kilomita moja tu. Tazama upande wa magharibi, unaoelekea Bara. Maji juu ya mwamba ni ya kijani hafifu yenye madoa ya kahawia, kisha ghafla yanageuka buluu nzito. Madoa hayo ni matumbawe, na pale rangi inapobadilika ndipo mwamba unapoteremka kilindini. Uvuvi umepigwa marufuku hapo tangu eneo lilipotangazwa hifadhi mwaka 1994. Ukishaona ramani hiyo kwa macho yako, ukiingia majini na miwani unajua uko wapi.

Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, kwa hiyo ukipata mlinzi mzee, mng'ang'anie. Samaki hapa ni zaidi ya aina 400, na peke yako utaishia kusema "wazuri, wazuri" tu. Usisimame juu ya tumbawe wala usiliguse. Badala ya kujipaka mafuta ya jua, vaa fulana ya mikono mirefu.

Angalia na mwezi kabla ya kuweka nafasi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au unapoandama, maji hupwa mbali, mara nyingi katikati ya asubuhi, ukatembea pwani kutazama vidimbwi. Leta viatu vya kufunga. Kandambili hazifai kwenye mawe yale makali.

Kama mfuko unaruhusu, lala kwenye hoteli ya kisiwani. Uliza kama wana bei ya wakazi. Kaa wa nazi hutoka usiku, na huyo kwangu ndiye mwenyeji hasa wa kisiwa. Ndiye mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, anaweza kufika kilo nne. Kwanza utamsikia, miguu ikikwaruza majani makavu, kisha tochi itamkuta kaganda kwenye shina, mgongo wa rangi ya zambarau iliyokolea. Inamisha mwanga, simama hatua mbili nyuma, na vidole viache mfukoni: gando lile linapasua nazi.

Paa nunga sikuahidi. Waliletwa kisiwani kuokoa kizazi chao, kwa kuwa Unguja wamebaki wachache, nao ni waoga kupindukia. Ukitaka kubahatisha, pita njia ya msituni alfajiri, bila soga.

Masika usijisumbue, hoteli hufungwa. Miezi mingine boti huondokea Mbweni asubuhi. Wahi, haisubiri mtu.