Maswali ya Gereji: Bodi ya Landrover 109 haina kutu, na chesisi je?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Muheza, Tanga. Nimepata Landrover 109 Series III kwa bei ya kutupa, ilikuwa imelala shambani miaka mingi, nataka niitengeneze mwenyewe hapa nyumbani polepole kadri hela inavyopatikana. Bodi nimeikagua yote haina kutu hata doa, rangi tu imepauka na digadi ya kushoto imebonyea. Kuna fundi rangi kaja kuiona anasema tuipige mchanga yote kwa upepo wa kompresa, halafu puti, praima na rangi ya haidena (ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha), wiki moja tu inang'aa. Nianzie hapo? Kompresa sina.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usianzie hapo. Hiyo bodi haina kutu kwa sababu ni alumini, ungeiacha mvuani mpaka wajukuu wako wazeeke isingeota kutu. Waingereza walipoitoa Landrover ya kwanza 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita ndo wakaangukia alumini, ila chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva nao ni chuma, na huko ndo hizi gari zinakofia. Ingia chini na nyundo ndogo na bisibisi, gonga chesisi yote hasa boriti ya nyuma kabisa na pale springi zinaposhika, chuma kizima kinalia ngaa, kilichooza kinalia kama debe na bisibisi inazama. Inua na mazulia uangalie pembe za ule ukuta, chini pale kwenye miguu. Hela yako yote ya kwanza iende huko, rangi baadaye, hata kama mwaka mzima majirani watakuuliza mbona gari bado chakavu.

Kupiga mchanga kataa kabisa. Mchanga ni wa chesisi, bati la alumini ukilipiga linajikunja na halirudi. Tumia msasa wa maji, na ukikuta mahali unga mweupe chini ya rangi, mara nyingi ni pale alumini inapogusana na chuma na chumvi ya huku kwetu pwani inachochea, safisha kwa msasa au brashi ya nailoni, usiguse na brashi ya waya wa chuma. Ukifunga tena weka washa ya plastiki au kipande cha mpira katikati.

Digadi iliyobonyea usiigonge kabla ya kuipasha moto maana alumini ukiigonga sana inakakamaa na kupasuka. Toa rangi hapo, paka sabuni ya kipande, pasha moto wa gesi huku unautembeza, sabuni ikigeuka nyeusi toa moto hapohapo, ukisubiri bati libadilike rangi kwanza kama chuma utashtukia limeyeyuka. Likishapoa limelainika, lirudishe taratibu kwa nyundo ya mpira. Palipobaki paka puti kidogo, na puti ikae juu ya alumini iliyokwanguliwa vizuri, sio juu ya praima ya asidi (ile ya kwanza inayong'ata bati ili rangi ishike), puti haishiki hapo.

Haya, rangi. Ile ya haidena ukiipulizia uani bila mask inayoletewa hewa safi kwa bomba unaharibu mapafu, kitambaa puani hakisaidii chochote, na watoto wanacheza hapohapo. Wewe kompresa huna na wala huihitaji. Praima ya asidi kwenye alumini, juu yake praima ya kawaida, kisha rangi ya mafuta ya inameli kwa rola ndogo ya sponji, uipitie juujuu na brashi laini kabla haijakauka. Koti nyembamba kadhaa, msasa wa maji namba 600 katikati. Fanya asubuhi umande ukishakauka na kabla upepo wa vumbi haujaanza. Haitakuwa kioo, lakini 109 inayong'aa kama gari ya harusi mimi naiona kichekesho.

SWALI: Mkuu salama? Tangi la petroli linavuja, nikilimwaga lote naweza kulichomelea? (Machakos)

JIBU: Hapana! Tangi tupu ndo bomu lenyewe, mvuke wa petroli unabaki ndani hata baada ya wiki. Mpelekee fundi wa rejeta anayejua kuliosha kwanza, au tafuta lingine. Na ukichomelea chesisi pia, tangi litoke kabisa kwenye gari na betri itolewe.

SWALI: Pijo 504 yangu nilipaka praima ya kijivu nikaishiwa hela, imekaa nje msimu wote wa mvua, sasa naona kutu inatokeza. Nipake rangi juu tu niifunike? (Kisumu)

JIBU: Ukiifunika itakuja kuchomoza na malengelenge juu. Praima ya kijivu ya kawaida inanyonya maji, haikutengenezwa kukaa mvuani peke yake. Ikwangue mpaka chuma cheupe, na kama hela ya rangi bado haijapatikana paka praima ya epoksi, hiyo inaziba maji, halafu iweke chini ya mabati.