Maswali na Majibu: Kiti cha Ubunge ni cha Nani?

Kwa nini mbunge wetu akihama chama hupoteza kiti, ilhali wa Uingereza hubaki bungeni? (Msomaji, Mbagala)

Ibara ya 71 ya Katiba yetu ya Tanzania inasema kuwa mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa hukoma kuwa mbunge. Uingereza, kisheria, mpiga kura humchagua mtu, na ndiyo maana Winston Churchill, alipowahama Wahafidhina mwaka 1904 na kujiunga na Waliberali, aliendelea kuliwakilisha jimbo la Oldham. India ilibana zaidi mwaka 1985, kwani hata mbunge anayepiga kura kinyume cha agizo la chama chake anaweza kuvuliwa ubunge. Nakubali kwamba masharti ya namna hii huzuia wabunge kununuliwa. Kinachonisumbua ni kwamba chama kikimfukuza mbunge uanachama, kikao cha watu wachache hufuta kura za maelfu ya wananchi ambao hawakuulizwa lolote.

Marekani, nani humteua mgombea? (Msomaji, Kariakoo)

Ni wapiga kura wenyewe, kupitia uchaguzi wa awali unaoendeshwa kwa sheria za kila jimbo. Hakuna kadi ya uanachama wala ada: kwingine mtu hujiandikisha tu kama mfuasi wa Democratic au Republican, na kwingine hata hilo halidaiwi. Matokeo yake, viongozi wa chama wanaweza kulazimika kumpokea mgombea ambaye wengi wao hawakumtaka, kama Donald Trump mwaka 2016. Kwetu, CCM huendesha kura za maoni, lakini uamuzi wa mwisho hufanywa na vikao vya juu vya taifa, na aliyeongoza kwa kura anaweza kuachwa.

Je, mgombea binafsi anaruhusiwa wapi? (Msomaji, Kigamboni)

Kenya inamruhusu chini ya Katiba ya 2010, na Afrika Kusini ilifungua mlango huo katika uchaguzi wa Bunge wa 2024. Tanzania bado inadai, kwa ibara ya 67, kwamba mgombea awe mwanachama aliyependekezwa na chama, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linakiuka haki. Naamini uamuzi huo ulistahili kutekelezwa mapema. Ugumu ni kwamba kubadili Katiba kunahitaji kura za theluthi mbili ya wabunge, na wabunge hao wamefika bungeni kwa kupitia vyama.