Jibu: Pomboo wa Kizimkazi, lazima wafukuzwe?

Habari ndugu. Umeuliza kama ni kweli, kama asemavyo nahodha wako, kwamba bila kuwafukuza pomboo kwa boti huko Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar, wageni hawataona kitu. Si kweli, na ni kuwatesa wanyama.

Kabla ya kulipa, muulize nahodha huwashusha wageni majini wapi ili waogelee na pomboo. Akijibu "mbele ya kundi", tafuta mwingine. Boti ikiwakatia njia, pomboo huzama, huibuka mbali, hufuatwa tena, na asubuhi yote wanakosa kupumzika na kunyonyesha.

Mkiwaona, punguzeni mwendo mapema, waendeeni kwa ubavu, na kwenye mita 50 hivi nahodha atoe gia, boti ielee tu. Mara nyingine pomboo wenyewe husogea karibu. Kukiwa na boti mbili tayari, subirini mbali. Wakipiga maji kwa mkia au wakigeuza uelekeo kila wanapoibuka, ondokeni. Ukiona mtoto ubavuni mwa mama yake, asiruke mtu majini, hata wageni wanune.

Mzizi wa tatizo ni bakshishi: nahodha hufukuza kwa kuwa anaogopa kurudi mikono mitupu. Mwahidi mkiwa bado ufukweni kwamba atapata ileile hata pomboo wasipoonekana, na wageni wasikie.